Nilimsingizia Kufuta Mafaili Ambayo Sikuwahi Kumpa

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na visingizio sitafika kwenye ukweli. Nilimharibia mwanamke mmoja wa Magu kazi aliyoisubiri miaka sita. Nilimharibia kwa uongo wa aya moja, nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, feni inanipuliza.

Sikuwa na ugomvi naye. Nilimdharau tu, basi.

Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta hapa Mwanza. Ofisi yetu ipo Ilemela, ghorofa ya pili, tupo wanne pamoja na bosi. Kazi zangu nazifanya kwa Python, lugha mojawapo ya kuandikia programu. Enzi hizo ungeniuliza, ningekwambia Mwanza nzima wanaoijua kazi hii vizuri hawafiki watano, halafu ningekaa nitafute namna ya kuwapunguza hao wengine.

Dharau yangu ilikuwa na ngazi. Chini kabisa niliwaweka wateja. Juu yao kidogo niliwaweka watu wa JavaScript. Kwa asiyejua, JavaScript ni ile lugha inayoufanya ukurasa wa kompyuta uwe na uhai: ubonyeze kitufe kiitikie, uguse sehemu ya tarehe kalenda ifunguke, menyu ishuke. Mimi niliita mapambo. Nilizoea kusema mbele za watu kwamba Python ni kupika na JavaScript ni kufuta meza. Kuna waliocheka na kuna walionionea aibu, na sikujali nani ni nani.

Sasa sikiliza hiyo dharau ilivyonifikisha pabaya.

Wateja wetu wengi wapo nje ya mji, na mtandao wa huko ni wa kuvizia. Mfumo tunaoujenga unasimama juu ya fremuweki, yaani mifupa iliyoandaliwa tayari na watu wengine ili sisi tusianze kuchonga kila kitu upya. Huwezi kumwambia mtu wa kijijini aipakue fremuweki nzima mtandaoni. Bando litakwisha hajafika nusu. Kwa hiyo mafundi wa huku tunatembea na flash. Unanakili kila kitu kwenye flash ukiwa mjini, unaipeleka kwa mteja, mambo yanaisha.

Tatizo ni kwamba fremuweki ina vifaili vidogo vidogo maelfu, na kuvinakili kunachosha. Miaka mitatu nyuma nilichoka kusubiri. Nikaandika skripti fupi, yaani programu ndogo ya kuninakilia, na ndani yake nikaweka mstari mmoja unaosema kila faili la JavaScript liachwe. Kazi niliyokuwa nayo wakati ule haikuwa na kurasa za kubonyeza, zilikuwa kompyuta mbili zinapeana taarifa tu, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Muda wa kunakili ulipungua nikajipongeza. Nikaendelea na skripti hiyo hiyo kwa kazi za namna ile, na ule mstari nikausahau kabisa.

Mwaka jana tukapata kazi ya kituo kimoja cha afya upande wa Magu. Walitaka mfumo wa kuandikisha wajawazito: jina, kijiji, vipimo, tarehe ya kurudi kliniki. Kazi ndogo. Niliijenga kwa wiki tatu, ikafanya kazi vizuri kwenye laptop yangu, nikaenda kuikabidhi.

Kituoni nikapewa mtu wa kumfundisha. Aliitwa dada Leticia, mtunza kumbukumbu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Mimi nina thelathini na mbili. Kwa desturi yetu ya huku shikamoo ilinihusu, wala haina mjadala. Nikamwambia, "Mambo."

Akasema, "Salama, Injinia. Karibu," akanivutia kiti.

Dada Leticia hakuwa mwajiriwa. Alikuwa anajitolea, yaani anafanya kazi ya mtu mwenye mshahara halafu anapewa posho ya sabuni. Miaka sita. Mganga mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wa kituo, aliniambia mbele yake kwamba nafasi ya karani wa kumbukumbu imepatikana, na mfumo huu ukisimama vizuri chini ya mkono wa Leticia, barua ya ajira itakuwa yake. Yule mama aliinamisha uso akatabasamu. Mimi nilikuwa naangalia saa.

Nilitakiwa nikae Magu siku tatu niufunge mfumo mwenyewe kwenye kompyuta ya kituo. Nilikaa saa mbili. Nilimwachia flash na karatasi mbili za maelekezo, nikamwambia afuate hatua moja moja, nikageuza gari. Nilikuwa na miadi ya sato wa kuchoma Mwanza, na Magu sikuiona mahali pa mtu kama mimi kulala.

Kesho yake akapiga simu.

"Injinia, nimemaliza hatua zote. Maneno yanaonekana kwenye kioo. Ila vitufe havibonyeki. Nikigusa pa tarehe, kalenda haiji."

Nikamwambia azime kompyuta awashe. Akazima, akawasha. Nikamwambia afute kumbukumbu za kivinjari. Akaniuliza zinafutwaje, nikamwambia kwa sauti ile ya kumsemesha mtoto, akafuta. Akapiga tena. Hali ni ile ile.

"Basi unabonyeza vibaya," nikasema.

"Inawezekana," akasema. "Naomba unielekeze kubonyeza vizuri."

Niliona ananijaribu. Nikakata simu.

Siku ya tatu alituma ujumbe wa sauti. Nautaja neno kwa neno kwa sababu nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyosikiliza ujumbe wa mama yangu.

"Injinia, habari za kazi. Kwenye karatasi yako, hatua ya saba, umeweka picha ya kompyuta yako. Inaonyesha mafaili mia moja ishirini na nane yamekusanywa. Ya kwangu inasema sabini na moja. Nikaifungua hiyo folda. Mafaili ya rangi yapo, picha zipo. Ya Javasiklipiti hakuna hata moja. Nadhani hayakuja."

Hayo maneno, ndugu msomaji, ndiyo jibu lote. Fundi yeyote mwenye akili timamu angesimama hapo aseme asante. Mama wa daftari na kalamu, ambaye hajawahi kukanyaga darasa la kompyuta, alilinganisha namba mbili akalikamata tatizo ambalo mimi na cheti changu ukutani tulikuwa tunalizunguka kwa siku tatu.

Mimi nilifanya nini? Niliusambaza ule ujumbe kwenye grupu la ofisini. Nikaandika chini yake, "Sikilizeni profesa wa Magu." Tukacheka sana ile 'Javasiklipiti'. Mwenzangu mmoja akaugeuza uwe mlio wa simu yake. Hatukugusa hata kidogo zile namba mbili, ya kwenye karatasi na ya kwake. Tulichekelea matamshi, sisi ambao nusu yetu nyumbani bado tunasema 'kalibu'.

Nikampigia. "Dada, wewe unajua JavaScript ni nini?"

"Sijui," akasema. "Najua karatasi inasema yawepo, na hayapo."

"Kwangu inafanya kazi," nikasema.

Hilo ndilo jibu la mafundi wavivu dunia nzima. Kwako inafanya kazi, kwa hiyo mwenzako ni mjinga. Na kwangu ilifanya kazi kweli, maana laptop yangu iliipata fremuweki moja kwa moja mtandaoni, haikupitia kwenye flash wala kwenye ule mstari wangu. Sikulifikiria hilo hata sekunde moja.

Wakati huo kule kituoni wajawazito walikuwa wanapanga foleni mpaka kwenye ngazi, kwa sababu kadi za zamani zilishafungiwa stoo na mfumo mpya haukubali tarehe. Mganga mfawidhi akampigia bosi wangu, akafoka. Bosi akanifuata mezani, akataka maelezo kwa maandishi kabla ya saa nane mchana.

Niliandika kwa raha zangu. Niliandika kwamba mfumo ulikabidhiwa ukiwa kamili, na kwamba uchunguzi wetu umebaini mafaili muhimu yalifutwa na mtumiaji baada ya makabidhiano. Nikashauri mtumiaji abadilishwe. Uchunguzi! Sikuwa nimechunguza hata mfuko wangu wa suruali. Nilitafuta neno linalotisha nikalipata, nikatuma, nikaenda kula.

Wiki iliyofuata bosi akanipeleka Magu nikarekebishe. Nilipoingia getini nilimwona dada Leticia. Hakuwa tena ndani kwenye kompyuta. Alikuwa nje, kwenye benchi, anawaelekeza kina mama wapange foleni wapi. Aliinuka akanisalimia. Nikapita.

Ndani nikakaa mbele ya kompyuta, mganga mfawidhi amesimama nyuma yangu, na kijana wa kike mgeni amekaa pembeni ili ajifunze. Nikafuta kila kitu, nikachomeka flash yangu, nikafunga mfumo upya kwa mikono yangu mwenyewe, hatua zile zile za kwenye karatasi. Hatua ya saba ikaandika: sabini na moja.

Niliiona. Nikafungua ukurasa. Nikabonyeza pa tarehe. Kimya.

Mganga akauliza, "Vipi?" Nikasema mtandao unasumbua. Kufunga kutoka kwenye flash hakuhitaji mtandao wowote, lakini yeye angejuaje? Nikatoa simu, nikaunganisha bando langu, nikaishusha fremuweki yote upya kutoka mtandaoni kimya kimya huku naongea maneno makubwa makubwa. Safari hii ikaandika mia moja ishirini na nane. Kalenda ikafunguka. Mganga akanipiga bega. Manesi wawili mlangoni wakapiga makofi.

Nikaomba dakika tano. Nikafungua ile skripti yangu ya kunakili, na ule mstari ukanitazama. Kila faili la JavaScript liachwe. Mkono wangu, akili yangu, uvivu wangu wa miaka mitatu. Yule mama hakufuta faili hata moja. Asingeweza kufuta kitu ambacho hakupewa.

Mganga mfawidhi alikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Ilitakiwa niseme sentensi moja. Nilifunga laptop nikasema, "Tayari, mkuu."

Natoka nje nikamkuta dada Leticia amesimama karibu na gari. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ananisitiri mimi.

"Injinia, yalikuwepo au hayakuwepo?"

Nikamwambia, "Yalifutika."

"Sawa," akasema. Akarudi kwenye benchi.

Njia nzima ya kurudi Mwanza nilijidanganya kwamba ni jambo dogo. Nilijiambia mtu wa umri ule kompyuta angeziwezea wapi, kwamba nimemsaidia asije akaaibika mbeleni. Unaona mtu mwenye dharau anavyofikiri? Hata akishikwa na kidhibiti mkononi, bado anamtafuta wa chini yake.

Mwezi huo huo yule kijana mgeni akapewa barua ya ajira. Dada Leticia akaambiwa asante kwa kujitolea, asihangaike kuja tena. Miaka sita ikaishia getini.

Na mimi? Bosi akanipandisha. Nikawa mkuu wa mafundi kwa sababu ya "kuokoa jahazi kule Magu". Sasa hivi nafundisha wenzangu namna ya kumsikiliza mteja. Nikisimama mbele yao nasikia mdomo wangu unavyonuka unafiki.

Nilifikiri yamekwisha. Kumbe kule Magu alishapata jina. Yule karani mpya alinipigia siku moja anauliza jambo, akasema katika mazungumzo, "Tusije tukafanya kama yule mama aliyefuta mafaili." Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja kitu kinachojulikana na kila mtu.

Wiki chache baadaye, dada Leticia mwenyewe akapiga. Namba yake sikuwa nimeifuta, na wala sikuwa na ujasiri wa kuipokea. Nikapokea kwa kushtuka.

Alinisalimia kwanza, akauliza habari za nyumbani. Halafu akasema ameomba kazi kwenye zahanati nyingine. Usaili umekwenda vizuri, ila wamesikia habari za mafaili, na wamempa mpaka Ijumaa alete maelezo.

"Naomba karatasi moja tu," akasema. "Iseme mafaili hayakuwemo kwenye flash. Weka jina lako na sahihi."

Nikaanza kusema kwamba mambo ya kitaalamu hayako hivyo.

"Injinia," akanikatiza, na ndiyo mara ya pekee aliyowahi kunikatiza. "Niliifungua flash yako kabla sijanakili kitu. Nikaandika kila folda kwenye daftari langu. Hayakuwemo. Mimi najua na wewe unajua. Sikulaumu, kila mtu anasahau. Nataka karatasi tu."

Nikamwambia nitamtumia kesho.

Kesho yake nikaiandika kweli. Niliiandika vizuri, kwa Kiswahili kinyoofu, tangu ile skripti mpaka hatua ya saba mpaka uongo wangu kwa mganga mfawidhi. Nikafika chini, pale pa jina. Nikamfikiria bosi akiisoma. Nikafikiria mkataba wa kituo, cheo changu, wale wenzangu wa kucheka. Nikaihifadhi kwenye laptop, nikasema nitaimalizia jioni.

Jumatano akatuma ujumbe: "Habari Injinia, nakukumbusha ile karatasi." Nikajibu niko safarini. Nilikuwa nimekaa ofisini. Alhamisi akapiga mara mbili, nikaigeuza simu kifudifudi mezani. Ijumaa hakupiga.

Jumatatu asubuhi ukaingia ujumbe wake wa mwisho: "Asante Injinia kwa kujitahidi. Wameshachukua mtu mwingine. Usisumbuke tena."

Kwa kujitahidi! Sijui kama alinikejeli au alisema kwa moyo wake mzuri, na katika yote mawili mimi ndiye niliyebaki uchi. Tangu siku hiyo mtu akiniambia kuna kitu hakipo, nasikia ile sauti inayosema karatasi inasema yawepo na hayapo. Nimewadharau watu maisha yangu yote, wateja, washamba, watu wa JavaScript, wanaosema 'r' vibaya. Leo yupo mmoja tu ninayemdharau sawasawa, na kila asubuhi ndiye ninayemnyoa ndevu.

Nyinyi mafundi wenzangu mnaojiona, nawaambia. Mtu akikwambia faili halipo, usimuulize kama anajua faili ni nini. Fungua folda uangalie. Linganisha namba na namba. Jaribu kitu chako kwenye kompyuta tupu, kwa flash ile ile uliyompa mwenzako, kabla hujafungua mdomo kusema kwako inafanya kazi. Na yule mliyemcheka kwa matamshi yake, sikilizeni ujumbe wake mara ya pili, kicheko kikishaisha.

Mnaoandika ripoti, kuweni makini zaidi. Ile aya yangu moja niliiandika kwa dakika kumi, na yule mama anatembea nayo mpaka leo kila anapoomba kazi.

Mhariri ameniruhusu niandike bila jina, na nimemshukuru kwa hilo. Mtaniuliza, kama majuto yako ni ya kweli mbona karatasi ya dada Leticia haijaenda? Bado ipo kwenye laptop. Imekamilika kila kitu, inasubiri jina chini. Nimeweza kuwaeleza watu wote hawa mambo yote haya, na hilo jina bado sijaliandika.